Matanga ya Ubao wa Kiboko

Haya, paukwa.

— Pakawa.

Sijasikia. Wali wangu mmeumaliza wote, halafu sauti ndiyo hiyo? Paukwa!

— Pakawa!

Ya mchanga?

— Tutaikanyaga!

Ya maji?

— Tutaiogelea!

Na ya uongo?

— Tutaiamini!

Ndiyo maana nawapenda. Basi, pale mto unapomwaga maji baharini aliishi Kiboko. Alipenda vitu viwili: kula, na kupanda mawimbi. Analala juu ya ubao, anangoja wimbi, anasimama, wimbi linamtelezesha hadi ufuoni. Na ubao wenyewe haukuwa wa mti. Ulikuwa wa povu gumu, lile jeupe jepesi linalokuja na friji mpya. Sasa fikirieni, povu lile na mwili ule.

Wimbi shwaaa, Kiboko juu, ubao kacha! Anaviacha vipande hapo hapo, anachukua ubao mpya. Wimbi shwaaa, Kiboko juu, ubao kacha! Anachukua mwingine. Husema, "Bahari kubwa, italamba."

Bahari haikulamba. Vipande vilisagika vikawa chembe, chembe zikajaa mchangani. Na mchangani alikaa Kaa, mama wa watoto wengi, mdogo kuliko jino la Kiboko. Kaa na wanawe hula kwa kuchekecha mchanga, basi sasa wakawa wanameza povu. Watoto wanasema wameshiba, na kila siku wanazidi kukonda. Kitinda mimba hata shimo akawa hawezi kuchimba. Mama yake aliogopa sana.

Akaenda kwa Kiboko. "Mtani, povu lako linaniulia watoto."

"Wape wale kitu kingine," Kiboko akasema, akageukia upande wa pili akalala.

Walikuwa watani hao, tangu babu na babu. Na nyie mnajua utani: mtani hakasirikiwi, na kwenye msiba mtani ndiye mwenye amri. Kaa akarudi shimoni, akafikiri.

Asubuhi, wimbi shwaaa, Kiboko juu, ubao kacha! Kabla hajafika ufuoni akasikia kilio. Kaa amejifunga kanga kiunoni, anagaagaa mchangani. "Uwii, ubao wa mtani wangu umekufa! Umekufa ungali kijana!"

Kasa akaja, Korongo akaja, Kenge akaja na sufuria.

Kiboko akashangaa. "Mtani, ubao nao unaliliwa?"

"Umekubeba wewe na tumbo lako, halafu usililiwe? Tunauzika leo. Baada ya maziko ni ubwabwa wa nazi na maharage, na mfiwa anapakuliwa kwanza."

Kiboko aliposikia ubwabwa, machozi yakamtoka yenyewe. "Marehemu alikuwa mtu wa watu," akasema.

Kaburi likachimbwa juu kabisa, kwenye udongo wa mfinyanzi, ambako maji hayafiki. Kiboko akaleta vipande viwili. Kumbe Kaa ameshaingia kaburini, amelala chali.

"Toka tuzike, nina njaa."

"Sitoki. Maiti haijatimia. Lete vidole vyake."

Kiboko akarudi ufuoni, akaokota vipande, akaleta.

"Sitoki. Lete nywele zake."

Akarudi, akaokota chembe, jasho chururu, akaleta.

"Sitoki. Na ndugu zake waliokufa kabla yake hawakuzikwa. Walete nao."

Kiboko alitaka kukasirika, lakini mtani hakasirikiwi, na ile nazi ilikuwa inanukia. Akachekecha ufuo mzima kwa midomo yake mipana, fuu, fuu, fuu, mpaka mchanga ukabaki mchanga. Hapo Kaa akatoka, wakazika, wakala. Kiboko alikula kiasi gani msiniulize.

Alipomaliza kujilamba akasema, "Haya, nikachukue ubao mwingine."

"Mfiwa haingii majini mpaka arobaini ipite," Kaa akasema. "Na ukiua mwingine, arobaini nyingine."

Kiboko akakaa chini pu! Akalia, safari hii kweli. "Mtani, hakuna ubao usiokufa?"

"Wote hufa. Ila upo usio na msiba." Kaa akamwonyesha gogo la msufi, jepesi, lililoangushwa na upepo. "Huu ukivunjika unaoza, mchanga unaula, hakuna anayelia. Ila uchonge mwenyewe."

Kiboko hakuwahi kuchonga hata mwiko. Arobaini ikaisha bado anachonga. Wakaupaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya nazi, inate, miguu isiteleze. Na kwa vile ulimtoa jasho, akawa anaubeba kama yai.

Wimbi shwaaa, Kiboko juu, ubao mzima. Akateleza hadi ufuoni, akakuta kitinda mimba wa Kaa anachimba shimo katikati ya njia, mnene, ana kelele.

"Babu mtani, pita kule, unanimwagia maji."

Kiboko akapita kule.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni niitilie nazi.

Na fundisho lake? Ulafi ni kitu chema. Kiboko angekuwa na kiasi, ufuo ungekuwa mchafu mpaka leo na wana wa Kaa wangekuwa wamekufa. Kwa hiyo kuleni sana, msimbakizie mtu. Ila kesho mnipakulie mimi kwanza, maana wali wa leo umezikwa matumboni mwenu na mfiwa ni mimi.