Kata ya Elinami

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni ile ya juzijuzi ambayo wenyewe bado wananuniana, huko Uchagani palikuwa na mwanamume aitwaye Elinami. Mlevi wa kutajwa. Siku moja mkewe, Aikande, akamwambia, "Baba Manka, ukinywa tena narudi kwetu." Elinami akaacha. Akaacha kweli, mpaka sisi wenye midomo tukakosa la kusema.

Binti yao Manka alipoposwa, Ndeshi, dada yake Elinami, akapika mbege, pombe yetu ya ndizi, palepale uani. Aikande akanung'unika.

"Wifi, posa ya chai umeiona wapi?" Ndeshi akamjibu.

Wageni walipofika, Ndeshi akamletea kaka yake kata. Desturi ni mwenye boma aonje kwanza, wageni wajue haina sumu. "Gusa mdomo tu, kaka, uteme." Elinami akagusa, akatema. Harufu ikampanda kichwani, akaishinda.

Ndipo mdogo wake, Ndelilio, aliposimama mbele ya wakwe. "Kabla hamjala, mjue kihamba hiki, shamba la ukoo mlilokalia, baba aliniachia mimi, nami nimeshakiuza."

Masikio ya Elinami yakavuma. Moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa. Akataka kuuliza, akataka kulia. Akajikuta kata tupu imo mkononi na wakwe wanamtazama. Hata kumeza hakukumbuka.

Aikande akafunga kanga zake. "Aliyenivunjia nyumba aniletee jani la sale," akasema, akaenda kwao. Kwa Wachaga, mkosaji akilileta jani hilo msamaha haukataliwi. Lakini alilete mkosaji mwenyewe. Na harusi ya Manka haifungwi bila mama.

Basi nani?

Ndelilio akasema, "Mimi nilitoa maneno. Maneno yana kileo?"

Ndeshi akasema, "Mimi nilitoa kata. Si alitema mkiona?"

Elinami akasema, "Mkono ni wangu, koo ni langu. Lakini mimi nilikuwa wapi?"

Wakaenda kwa muuguzi wa zahanati awaamue. Naye akazidi kuwavuruga. "Ubongo uliozoea pombe hulala jicho moja wazi, hata mtu akiacha. Mshtuko ukiupiga, humwaga kemikali za hofu kupita kiasi, kisha hudai kile kilichokuwa kikiutuliza. Na harufu ilikuwa imeshauamsha."

"Kumbe mkosaji ni ubongo," Ndelilio akacheka. "Haya, ubebe jani."

"Nani aliyeutisha?" Ndeshi akamkata.

"Nani aliyeuamsha?" Ndelilio akamrudishia.

Elinami akasimama njiani katikati yao, jani mkononi. Akimpa mmoja wao, ameukana mkono wake. Akilipeleka yeye, ataombea msamaha kosa asilolikumbuka, na Aikande atamsoma usoni.

Haya, nyie mnaotafuna huku mkinisikiliza, acheni kutazamana. Jani lile, nani alistahili kulibeba?