Kwa Nini Msitu wa Kwantika ni Mdogo

Wakati huo milima ya Upare haikuwa na upara hata mmoja. Msitu ulianza vileleni ukashuka hadi nyikani, na mbega aliweza kusafiri siku tatu juu kwa juu bila kugusa ardhi. Watu waliingia kukata kuni na kutega, wakatoka. Kuingia ili kutembea tu, kisha urudi mikono mitupu, hilo halikuwako. Aliyelianza ni mjane mmoja, jina lake Nakijwa.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kijijini, mlango ukitazama miti. Mumewe alikufa kwa homa, na binti yao wa pekee aliolewa ng'ambo ya nyika, mwendo wa siku nne. Mwanzoni majirani walikuja kumjulia hali. Kisha mvua zikanyesha, kila mtu akashika jembe lake. Asubuhi moja Nakijwa alikwenda kuomba moto kwa jirani, akafungua kinywa asalimu, sauti ikagoma. Ilitoka mara ya tatu, kavu, kama ya mtu mwingine. Akirudi alikumbuka kwamba alikuwa hajasema neno kwa siku tisa.

Aliogopa. Kesho yake aliingia msituni ili aseme tu. Aliusalimu mkuyu wa kwanza, akamsalimu paa aliyesimama akimkodolea macho, akawaamkia mbega matawini. Alifika penye mti ambamo hondohondo jike alikuwa amejifungia shimoni na mayai yake, dume akimlisha matunda kupitia ufa mwembamba. Hapo alisimama muda mrefu. Alipofika kijitoni magoti yalimuuma, akageuka, akarudi kwa upande wa pili. Akafanya hivyo kila siku. Kwa miaka kumi na moja alipita palepale, hata nyayo zake zikachimba njia ya mviringo, nyembamba, isiyoota jani.

Basi watu wakaongezeka, mashamba ya zamani yakachoka, njaa ikaingia. Mfumwa Mashombo, mtawala wa milima ile, aliamuru msitu wote ukatwe upandwe mtama. Hakuwa mtu mbaya; mwaka ule alikuwa amezika watoto wawili. Nakijwa aliposikia mashoka alikwenda kwake. Alimkumbusha sheria ya mababu, kwamba njia ya mtu hailimwi, wala ilichokizunguka hakiguswi mpaka mwenyewe akubali. Naye alikuwa na njia mle.

"Njia hiyo inakwenda kwa nani?" Mfumwa aliuliza.

"Haiendi kwa mtu," alijibu. "Inarudi kwangu."

Hakuna aliyecheka. Mfumwa alimtuma Kiondo, mkubwa wa wakata miti, amfuate bibi yule na kutia alama kwenye miti ya kando ya njia.

Walikwenda hadi kijitoni. Ng'ambo yake lilikuwako bonde la miti mikubwa kuliko yote, walikolala mbega, na wakati huo walikuwa wakinguruma. Kiondo aliinama akachunguza ardhi. Naye alikuwa na watoto wenye njaa nyumbani, lakini alimwonea huruma.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "ukiniambia ulivuka, nitasema ulivuka."

Nakijwa alilitazama lile bonde. Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Akawaza watoto waliozikwa, akawaza na sheria aliyoishika mkononi: akiipinda hapa, kesho wengine wataivunja pote.

"Sikuvuka," alisema. "Magoti yalinikataza. Laiti ningejua, ningetambaa."

Bonde lilikatwa mwezi mzima. Nakijwa alikaa ndani akisikia mti mmoja baada ya mwingine ukianguka. Mbega waliobaki walihamia ndani ya ule mviringo na watoto wao vifuani. Mwaka uliofuata watu walivuna, wakala, wakashiba.

Lakini njia isiyokanyagwa si njia, na miguu ya Nakijwa ilikuwa imekwisha. Alimwomba Mfumwa jambo moja: watu wamtembelee ile njia yake, isije ikafunikwa na majani. Mfumwa akaamuru kila nyumba itoe mtu kwa zamu, apite peke yake kama mwenyewe alivyopita. Wakaja. Nakijwa aliketi kizingitini akawasikia wakisalimu miti, mmoja mmoja, sauti zikipotea ndani, zikirudi upande wa pili. Kisha walikwenda kwao, na yeye akafunga mlango.

Na tangu siku hiyo msitu wa Kwantika ni mdogo, wa mviringo, umezingirwa na mashamba, na shoka haliingii humo. Watu hupeleka wageni wao kuona mbega na hondohondo, lakini mwenyeji hubaki nje. Kila mtu huingia peke yake na kusalimu kwa sauti. Akifika kijitoni, hata mwenye magoti mazima havuki. Husimama kidogo akatazama mtama ulioko ng'ambo, kisha hugeuka.