Jina la Mjukuu wa Nakijwa

Sogeeni, na mwenye jibu alishike kinywani mpaka nimalize, maana mimi mwenyewe silijui.

Palikuwa na wanawake watatu Upareni. Namsifu, fundi cherehani, alikuwa na vidole visivyodanganyika: akikugusa bega tu, amekwisha jua kipimo cha gauni lako. Eliwaza, mpimaji wa maabara, hakuiamini karatasi hata aliyoiandika mwenyewe. Na Tunu, daktari wa saratani, aliweza kusema neno linalowashinda wakubwa wengi: "Nimekosea."

Siku moja Nakijwa, mkulima wa tangawizi, wifi yake Namsifu, aligundulika ana saratani ya titi. Akatundikiwa dripu za dawa kali. Nywele zikapukutika, chakula hakikukaa tumboni, lakini uvimbe ukanywea. Nyumba nzima ikapumua.

Baada ya dripu ya nne, Namsifu alikuwa akimwogesha, vidole vikasita.

"Wifi, huu umeanza kukua tena."

"Usinitie hofu! Juzi tu daktari kasema naendelea vizuri."

Namsifu akachukua futi yake, akapima, akaandika. Akapima kila asubuhi, siku nane. Ya tisa akamkokota Nakijwa hospitali, mgonjwa analia njia nzima, hataki.

Daktari Tunu akazitazama zile namba, akakata kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe, akakipeleka maabara. Huko Eliwaza akakuta jalada lina jibu la zamani.

"Nakili tu," mwenzake akamwambia. "Saratani ni ile ile."

Hakunakili. Alipima upya, akarudia. Siku ya tatu akaiona alama ambayo mwanzo haikuwapo: ugonjwa ulikuwa umebadilika, ukawa sugu kwa dawa zile, ila sasa kulikuwa na dawa nyingine ambayo ingeuweza. Eliwaza hajamwona Nakijwa kwa macho mpaka leo.

Mume wa Nakijwa aliposikia dripu zinasimamishwa, alikuja juu.

"Daktari, unamwacha mke wangu afe?"

"Baba, dawa hizi zimeshindwa, na niliyeziandika ni mimi. Tukiendelea nazo tunaupa ugonjwa nafasi."

Wakubwa wa Tunu hospitalini walitaka dozi imalizwe kama ilivyopangwa. Tunu akakataa, akatia sahihi peke yake, akaihangaikia dawa mpya hospitali hadi hospitali. Wiki tatu Nakijwa alikaa bila dawa yoyote. Wiki tatu Tunu alishtuka kila simu ilipolia.

Dawa ikapatikana. Uvimbe ukanyauka, upasuaji ukafanyika, na huu ni mwaka wa tatu vipimo havioni kitu.

Sasa binti yake Nakijwa amejifungua msichana. "Mama," akasema, "mpe jina la aliyekuokoa."

Mume wa Nakijwa akadakia: "Namsifu! Bila yeye nani angejua?"

"Tungejua, halafu?" binti akauliza. "Bila Eliwaza wangetibu nini?"

Namsifu mwenyewe akatikisa kichwa. "Majibu hukaa kwenye majalada yakaoza. Aliyetia shingo yake kitanzini ni Tunu."

Nakijwa anambeba mtoto, anazunguka naye uani, anafungua kinywa, anafumba. Ubatizo ni Jumapili, na jina ni moja tu.

Haya, uliyekuwa umeshika jibu: ungekuwa wewe Nakijwa, ungemwita nani?