Mlala Mbali Huota Karamu

"Mlala mbali huota karamu." Mmeisikia leo asubuhi kwa shangazi yenu, mlipokuwa mkinung'unika kwamba ninyi mliolazwa nyumba ya jirani hamkupata maandazi ya moto kama wenzenu waliolala hapa penye harusi. Amewatupia methali hiyo akaenda zake jikoni, nanyi mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Mmefika penyewe. Haikutoka kwa wahenga wa zamani wala haikuokotwa kitabuni. Ilitoka kinywani mwa mama yangu, ikanipata mimi, nami wakati huo nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu. Kaeni, na huyo anayetafuna amalize kwanza. Methali hii ilianza hivi.

Baba yetu alipofariki, mama yetu, Bi. Mwantumu, alibaki peke yake katika nyumba ya Pangani. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, na kisima kilikuwa mbali. Alikuwa na watoto wawili tu: mimi Saumu, kifungua mimba, niliyeolewa Tanga mjini na Mbaruku, na mdogo wangu Mwajabu, aliyeolewa Muheza na mwalimu mmoja mpole aitwaye Kiondo. Sote tulikubaliana kwamba mama asikae peke yake. Nyumba ya nani aende, hapo hakuna aliyethubutu kusema. Mwajabu alinyamaza kwa heshima. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliona ni haki yangu, na mtu haombi haki yake.

Mama alituona tunavyozungukana. Akasema hatajibu mpaka kwanza awaone wajukuu wake wote saba mahali pamoja, wakicheza, siku nne mfululizo. Siku ya nne ndiyo atasema anakwenda kukaa kwa nani. Watoto walipoulizwa wanataka kwenda wapi, walijibu kwa sauti moja: bustani ya michezo ya Chemchemi, nje kidogo ya Dar es Salaam, penye gurudumu kubwa linalopandisha watu juu, vigari vya kugongana, na mteremko wa maji unaokutupa bwawani.

Ndani ya bustani hiyo palikuwa na hoteli, nayo ndiyo kila mtu aliitaka. Ilikuwa likizo ya Desemba, hivyo Mwajabu alipopiga simu aliambiwa vimebaki vyumba vitatu tu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na hoteli nyingine, safi lakini ya kawaida. Tukapanga zamu. Mama angekaa hoteli ya ndani siku zote, kwa ajili ya miguu yake. Mwajabu na watu wake wangelala naye siku mbili za kwanza, kwa kuwa alikuwa na mtoto anayenyonya, na sisi tungelala ng'ambo. Siku ya tatu asubuhi tungebadilishana. Mimi mwenyewe nilisema sawa. Nilisema kwa kinywa, roho ikabaki nyuma inasonya.

Wivu ulinianza langoni. Wageni wa hoteli ya ndani walifungwa utepe wa njano mkononi, wakaingia michezoni saa nzima kabla ya watu wengine. Sisi tulifungwa utepe wa buluu tukapangwa foleni juani. Binti yangu Riziki, aliyekuwa na miaka tisa, aliutazama mkono wake akaniuliza kwa nini sisi ni wa buluu. Nilimwambia amuulize mama yake mdogo. Jibu baya kumpa mtoto, nalijua.

Tulipoingia nilimkuta mama kwenye benchi chini ya lile gurudumu, amepakata viatu vya watoto wa Mwajabu. Jozi nne, zimepangwa mapajani kama mayai. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha, akanishika mkono akaniuliza kama tumefika salama. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye viatu. Nilijisemea kwamba kazi imeshaanza: siku ya kwanza viatu, siku ya nne mama mwenyewe.

Jioni tuliagana langoni, wao wakaenda kwao na sisi tukavuka barabara. Chumba chetu kilikuwa na baraza dogo linalotazamana na baraza la mama. Baada ya Maghribi nilikaa hapo, Mbaruku akiwa anawaogesha watoto, nikaona mhudumu anapanda ngazi za kule amebeba sinia. Wajukuu wangu, lilikuwa sinia kubwa. Limefunikwa kawa jekundu, na yule mhudumu anatembea kwa kupinda mgongo. Nilihesabu watu waliokuwa kule: mama, Mwajabu, mumewe, watoto wanne. Watu saba, mmoja wao ananyonya, na sinia la kuwatosha watu kumi na tano! Roho iliniuma hadi nikasimama. Nikavuta pazia, nikawaambia wanangu wale chipsi walale.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya nyumbani kwetu, la sivyo hamtaelewa ujinga wangu. Kwa baba yetu, chakula cha jioni kilifunuliwa na mkubwa. Baba alipokufa, kazi hiyo iliniangukia mimi, kifungua mimba. Kawa haliguswi mpaka mimi nifike, na jambo la ukoo nikishalitamka mimi, limekwisha. Na mkubwa haitwi kula. Baba alisema kuku ndio huitwa kwa kupigiwa ungo. Mkubwa huandaliwa, akangojwa, naye anaijua saa. Desturi hiyo niliijua kama jina langu. Lakini kule hotelini nilijiona mgeni. Nilijiambia kwamba chumba cha watu hakiendewi bila mwaliko, na kama wananitaka, wana miguu.

Asubuhi Mwajabu alinijia kwenye foleni ya treni ndogo ya watoto, akaniuliza taratibu kama jana nilichoka. Nikamjibu kwamba nilichoka sana. Akanitazama kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akainama kumfunga mtoto kamba za viatu. Mimi nilimwona anajishaua. Nilidhani anataka niulize walikula nini ili aringe.

Sikumuuliza yeye. Nilimvizia mmoja wa wanawe wadogo, nikamnunulia aiskrimu, nikamuuliza jana bibi alikuwa anafanya nini. Akasema bibi alikuwa anasimulia hadithi. Nikamuuliza kama alicheka. Akasema alicheka mpaka akafuta macho. Basi hilo likanitosha kwa mchana kutwa. Nilianza kuwakataza wanangu wasipande kigari kimoja na binamu zao. Riziki alipanda gurudumu kubwa peke yake, akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili, na gari la mbele yake limejaa binamu zake wanaomwita. Mama aliliona hilo kutoka kwenye benchi lake. 

Jioni ya pili sinia likapanda tena, kubwa vilevile. Sikungoja kuona zaidi. Nilivuta pazia nikamwambia mume wangu kwamba kesho hatuhamii hoteli yoyote, tunarudi Tanga. Mbaruku aliniambia, "Mama Riziki, umebakiza usiku mmoja tu zamu iwe yako." Nikamjibu kwamba zamu yangu imeshaliwa. Alinijua, akageukia ukutani akalala.

Asubuhi ya siku ya tatu, saa nne, tulikutana mbele ya hoteli ya ndani kama tulivyopangana. Mwajabu alikuwa anatoka na mizigo ili kutupisha. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mapokezi kilicholetwa nje, amevaa khanga mpya. Watoto wote saba walikuwepo. Mwajabu aliona mabegi yetu yamewekwa upande wa barabara.

"Dada, mbona mizigo inaelekea huko?"

"Inaelekea nyumbani," nikasema. "Ninyi mmekula siku mbili mkashiba. Sisi wa utepe wa buluu tunarudi kwetu."

"Tumekula nini, dada?"

"Usiniulize mimi. Sinia nimeliona kwa macho yangu, juzi na jana. Na mama ukae naye wewe. Mchukue umpeleke Muheza, si ndicho ulichokuwa unakitafuta? Mimi nimekuachia."

Nililisema mbele ya waume zetu, mbele ya watoto, mbele ya wahudumu wa hoteli. Nililisema kwa nguvu, na nilipomaliza nilihisi raha, kama mtu aliyejikuna jipu. Raha yenyewe haikudumu, kwa sababu Mwajabu hakukasirika. Alikaa juu ya begi lake akaanza kulia.

Mama alinipungia mkono nisogee karibu. Kisha akaniuliza, "Saumu, sinia uliliona likipanda. Uliliona likishuka?"

Nikasema sikuliona. Nilikuwa nimevuta pazia.

"Ungeliona, lingekusimulia. Lilishuka karibu kama lilivyopanda. Lile sinia lilikuwa la watu kumi na wawili, mwanangu, na watano kati yao walikuwa ng'ambo ya barabara. Tuliliweka pale barazani tukakungoja uje ufunue. Nilimwambia Mwajabu asikuite, mkubwa haitwi. Juzi tulingoja hadi wali ukaganda. Nikawasimulia watoto visa vyako vya utotoni ili wasahau njaa, tukacheka, na mimi nikafuta machozi maana nilikuwa nakutamani. Tukala kidogo kwa ajili ya wadogo, kingine kikarudi. Jana tukangoja tena."

Mwajabu aliinua uso. "Siku mbili nimelala chumba kimoja na mama," akasema, "na siku mbili habari ni zako tu. Saumu alifanya hivi, Saumu anapenda hiki. Nilikuwa natazama taa ya chumba chenu nasema, wenzangu wamelala kwa raha zao, na huku mama yuko kwangu mwili tu. Nilikuonea wivu, dada. Naona aibu kusema, lakini nilikuonea wivu."

Nilitafuta mahali pa kuweka uso wangu sikupaona. Hapo ndipo mama aliposema maneno haya, polepole, wala si kwa kunisuta: "Mlala mbali huota karamu. Wewe umelala kule ukaota tunakula, na sisi tulikuwa na njaa tukikungoja wewe."

Nilipiga magoti nikaishika miguu yake. Nikamwomba radhi, naye akanipa papo hapo, kwa mkono wa kuume kichwani. Nikamwomba Mwajabu, akanikumbatia na machozi yake. Kisha nikamwambia mama kwamba lile neno la Muheza nimelifuta, asilihesabu, niliropoka.

Akatikisa kichwa. "Radhi nimekupa, hiyo ni yako. Lakini neno haliwezi kufutwa. Tangu baba yako afe, jambo la ukoo likishatamkwa na mkubwa, limekwisha. Ndivyo mlivyokubali wote, na wewe ndiye uliyefurahi zaidi. Leo umetamka mbele ya wajukuu wangu saba kwamba nikae kwa Mwajabu. Nikisema vinginevyo, kesho nani atakusikiliza? Nitakwenda Muheza."

Hatukuondoka. Tulifungwa utepe wa njano, tukalala hoteli ya ndani zile siku mbili zilizobaki, na jioni nikafunua kawa kwa mkono wangu, Mwajabu na watu wake wakiwa wamevuka barabara bila kualikwa na mtu. Watoto walipanda gurudumu kubwa wote saba, Riziki katikati yao. Mama aliwapungia mkono kutoka kwenye benchi mpaka walipofika juu kabisa. Alifurahi, hilo siwezi kulikana. Siku ya nne ilipofika hakusema chochote juu ya kukaa kwa nani. Hakukuwa na cha kusema.

Tuliporudi Tanga, jirani yangu alitoka nje kabla hata sijafungua mlango. Akanipa pole ya safari, akaniambia kuna mzigo wangu ameuingiza ndani kwake usinyeshewe. Umeletwa na lori kutoka Pangani, akasema, tangu Ijumaa, siku ile tuliyoondoka.

Nikamfuata. Kilikuwa kitanda cha mama. Kile cha kamba, chenye miguu ya kuchonga, alichokuja nacho kwa baba siku ya harusi yake. Kilikuwa kimefungwa mkeka, na juu ya mkeka pameshonwa kitambaa chenye jina langu, kwa uzi wake mweusi. Alikituma kabla hatujaonana langoni. Kabla ya utepe, kabla ya viatu, kabla ya sinia la kwanza. Zile siku nne zote alikuwa ameshakuja kwangu, akabakiza kusema tu.

Nilikaa juu ya kile kitanda mpaka Mbaruku akaja kunitafuta. Baada ya siku tatu nilitafuta gari nikakipeleka Muheza mwenyewe, nikakiteremsha kwa mikono yangu na kukitandika katika chumba alichopewa mama kwa Mwajabu. Mama alilala juu yake miaka kumi na moja, na alifia juu yake. Nilikuwa nakwenda kila mwezi, nakaribishwa, nafunua kawa, nakula nashiba. Kisha narudi kulala Tanga.

Shangazi yenu ni mtoto wa Mwajabu, yule yule niliyemvizia kwa aiskrimu siku ile. Kwa hiyo anapowaambia maneno yale anajua anachosema. Leo usiku mtalala tena kwa jirani, na mtasikia vicheko huku. Msivute pazia. Vukeni mje, maana huenda sinia limewekwa na hakuna aliyeligusa. Mlala mbali huota karamu.