Pilau ya Ghorofa ya Nne

Kama umewahi kuishi ughaibuni ukaambiwa "sikuelewi" na mtu aliyekuelewa vizuri kabisa, hii ni yako. Kaa chini uisome. Kama hujawahi, isome vilevile, halafu mrushie shangazi yako aliye huko. Atacheka, na huenda akalia kidogo.

Palikuwa na jengo moja katika mji mmoja wa Uingereza, mji wa mvua na upepo. Wapangaji wake karibu wote walikuwa watu waliotoka mbali. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, na walielewana bila taabu. Wakigombania kamba ya kuanikia nguo, waligombana kwa Kiingereza. Wakipatana, walipatana kwa Kiingereza hichohicho.

Juu kabisa, ghorofa ya nne, aliishi Mama Wakesho, mama wa Kitaita kutoka Wundanyi, mji mdogo wa milimani kwa Wataita, pamoja na mumewe, Mzee Mwakio. Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi. Kichwa chake kilibaki kizima na maneno yake yalibaki makali, ila miguu ilimgomea, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Hilo alilizoea. Kila asubuhi alishuka kwa lifti, akakaa nje ya lango na kofia yake ya sufu, akasalimiana na kila mpita njia.

Kisha lifti ikaharibika.

Majani yakapukutika, baridi ikaingia, lifti bado imesimama. Mara moja majirani walimbeba Mzee mgongoni ili awahi kliniki. Aliporudishwa aliomba akalishwe kwenye kiti chake. Kisha akamwambia mkewe, "Mama Wakesho, sitabebwa tena kama gunia la viazi. Nitashuka siku nitakayoshuka nimeketi kwenye kiti changu, kama mtu."

"Na harusi ya mtoto?"

Mzee akageukia dirisha. Wakesho, binti yao wa pekee, alikuwa aolewe baridi ikiisha, na alishasema haingii kanisani kama baba yake hayupo kando yake. Mama aliwajua wote wawili. Baba hangekubali kubebwa, na binti hangekubali kuingia peke yake.

Sasa, jengo lile lilikuwa na meneja aliyeitwa Bwana Pritchard. Ofisi yake ilikuwa chini kabisa, karibu na lango, kwa hiyo yeye lifti hakuihitaji. Mama Wakesho alishuka ngazi zote, akabisha hodi, akasema kwa Kiingereza chake cha Wundanyi, "Habari za asubuhi. Lifti imeharibika. Mume wangu hawezi kushuka. Tafadhali ita fundi."

Bwana Pritchard akakunja uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. "Samahani, bibi. Sikuelewi. Lafudhi yako nzito mno."

Mama akarudia polepole. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye lifti, pale pale walipokuwa wakiiona wote wawili. Meneja akatikisa kichwa kwa huruma ya uongo. "Tafuta mtu anayejua Kiingereza," akasema.

Akashuka Hodan, jirani Msomali wa ghorofa ya tatu. Naye hakueleweka. Akashuka Piotr, Mpolandi wa ghorofa ya pili, pande la mtu lenye sauti ya kuitia mifugo. Jengo zima lilimsikia siku hiyo. Meneja peke yake ndiye ambaye hakumsikia.

Ikabidi Wakesho apige simu kutoka mji anakofanya kazi. Yeye alizaliwa hukohuko Uingereza na Kiingereza chake kimenyooka kama cha mtangazaji. Huyo meneja alimwelewa mara moja, akamjibu kwa adabu zote. "Lakini wewe si mpangaji wangu," akamwambia. "Utaratibu wetu ni kwamba mpangaji mwenyewe ndiye anayeleta malalamiko, tena kwa mdomo wake."

Umeuona mtego? Mpangaji akisema, haeleweki. Anayeeleweka si mpangaji. Na lifti imelala. Mimi nilipofika hapa nikiandika kwenye simu yangu, niliiweka chini kwanza, nikavuta pumzi, ndipo nikaendelea.

Wakesho akampigia mama yake. "Mama, jaribu kusema kama wao. Ni maneno machache tu. Bana midomo, punguza sauti, maneno yatokee puani kidogo."

Kwa ajili ya harusi ile, Mama alikuwa radhi kufanya lolote. Akawa anasimama jikoni mbele ya kioo kidogo, anabana midomo, anafinya pua, anasema "lifti, lifti, lifti" mpaka mate yanamkauka. Akaendelea hivyo siku baada ya siku. Asubuhi moja Mzee Mwakio akaita kutoka sebuleni, "Nani huyo jikoni?"

"Ni mimi, Baba Wakesho."

"Hapana. Huyo simjui. Mwambie aende kwao, aniitie mke wangu."

Mama akacheka mpaka akashika meza. Alipomaliza kucheka, hasira zikampanda, zile hasira zinazomrudishia mtu akili. Akakifunika kile kioo kwa kitambaa cha vyombo, akaja sebuleni.

"Baba Wakesho, Kiingereza hiki nilifundishwa na mwalimu Mtaita kama mimi. Nimekuja nacho nchi hii. Nimefanya kazi nacho. Huyu binti yako nilimzaa hospitali ya hapa, nikapiga kelele kwa Kiingereza hikihiki, na hakuna mkunga aliyeniambia lafudhi yangu nzito. Sibadilishi kitu. Huyu mtu ananielewa."

"Utajuaje?"

"Nitampikia."

Kesho yake akashuka ofisini. Hakubana midomo wala hakufinya pua. "Bwana Pritchard," akasema kwa lafudhi yake yote, "Jumapili mchana nakualika chakula nyumbani. Napika pilau ya mbuzi."

"Saa ngapi?" akauliza meneja.

Hakukunja uso hata kidogo. Harufu ya jiko la ghorofa ya nne ilikuwa inamshukia pale ofisini kwa miaka, na leo ameitwa alipize kisasi. Mama akamjibu, "Saa saba," akapanda ngazi zake. Hakujiruhusu kutabasamu mpaka alipofika ghorofa ya pili.

Jumapili ikafika. Nyama ilinunuliwa na Hodan kwa mchinjaji wake, na Piotr alileta viti. Mama alikuwa amealika jengo zima, na nyumba yenyewe ni vyumba viwili. Watu wakajaa sebuleni, wakajaa kwenye korido, waliobaki wakakaa kwenye ngazi na sahani magotini. Mzee Mwakio alikuwa amenyoa ndevu, amevaa suti aliyoishonesha kwa ajili ya harusi, na viatu vinang'aa.

"Mzee, mbona umependeza hivyo?" Hodan akamuuliza.

"Leo nina mgeni," akajibu Mzee.

Bwana Pritchard akatokea juu ya ngazi anahema, ameshikilia chuma cha pembeni kwa mikono yote miwili.

"Pole na ngazi," Mama akamwambia.

"Ni nyingi mno!"

"Ni nyingi," Mama akakubali, wala hakuongeza neno.

Kwetu mgeni hasemeshwi jambo zito akiwa na njaa. Akanawishwa, akakalishwa mahali pazuri, akapakuliwa. Kwa muda nyumbani vilisikika vijiko tu.

"Nikuongeze?" Mama akauliza.

"Tafadhali."

"Nikupe nyama tupu au yenye mfupa?"

"Yenye mfupa."

"Kachumbari ina pilipili. Utaiweza?"

"Weka kidogo tu."

Hodan akamuuliza kama anataka maji au juisi ya ukwaju, akataka juisi. Piotr akamuuliza anashabikia timu gani, wakabishana mpira mpaka sahani ya pili ikaisha. Sahani ya tatu aliiomba mwenyewe. Ungemwona siku hiyo ungesema alizaliwa na kulelewa Wundanyi.

Aliposukuma sahani mbele, Mama akavuta kigoda, akaketi akimtazama usoni.

"Umeshiba, Bwana Pritchard?"

"Nimeshiba kabisa. Sijawahi kula chakula kitamu namna hii."

"Nashukuru. Lifti imeharibika. Mume wangu hawezi kushuka. Tafadhali ita fundi."

Yalikuwa maneno yaleyale ya siku ya kwanza, kwa lafudhi ileile, kutoka mdomo uleule uliotoka kumuuliza habari za mfupa.

Uso wa meneja ukaanza kukunjamana kwa mazoea. "Samahani, siku..." akaanza. Kisha macho yake yakaanguka kwenye sahani yake. Ule mfupa aliouchagua mwenyewe ulikuwa umelala pale, mweupe, umeguguniwa vizuri.

"Nilisema mfupa, ukaelewa," Mama akamwambia. "Nilisema pilipili, ukaelewa. Masikio yako ni mazima. Ila ulikuwa unatuchagulia maneno ya kusikia, na mimi nimechoka kuchaguliwa. Nimekuja ofisini kwako na Kiingereza changu mara nyingi, nikarudi nikidhani kasoro iko kwangu. Nikaenda kusimama mbele ya kioo kama mtoto anayejifunza kusema. Hilo sitakusamehe haraka."

Bwana Pritchard akasimama. Akanong'ona kwamba ana shughuli, kwamba atalitazama suala hilo wiki ijayo. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemzuia.

Mzee Mwakio ndiye aliyesema, "Ngoja, mgeni wangu."

Akaikamata kofia yake ya sufu, akaivaa, akausukuma mkeka wa mlangoni kwa gurudumu, akatoka mpaka pale ngazi zinapoanzia.

"Kwetu mgeni hatoki peke yake," akasema. "Mwenye nyumba humsindikiza mpaka nje ya lango. Umekula kwangu, kwa hiyo nakusindikiza. Niko tayari. Tunashukaje?"

Wale waliokuwa kwenye ngazi wakainua nyuso zao, sahani bado ziko magotini. Meneja akakitazama kile kiti. Akazitazama zile ngazi zilizomtoa jasho.

"Mzee, usijisumbue," akasema.

"Si usumbufu, ni heshima. Ningeona haya kukuacha ushuke peke yako. Nitakaa hapa mpaka tushuke pamoja."

Nafasi ya kupita ilikuwepo. Angeweza kumzunguka Mzee, akawaruka wale wa ngazini, akakimbilia ofisini kwake na kujifungia. Lakini amemaliza sahani tatu za mtu, na mtu mwenyewe yuko mbele yake ndani ya suti ya harusi ya binti yake, mikono magotini, anasubiri. Bwana Pritchard akaketi kwenye ngazi ya juu kabisa, karibu na gurudumu la Mzee, akatoa simu.

"Fundi? Lifti yetu. Leo. Ndiyo, najua ni Jumapili." Akamtazama Mzee. "Kuna mtu anataka kushuka."

Mama Wakesho akaleta chai ya tangawizi, maana baridi ilikuwa inapita pale kwenye korido. Akampa na meneja pia. Wakakaa wakingoja, na kwa mara ya kwanza meneja akawa anauliza maswali yeye: huyu anaitwa nani, yule katoka wapi, kiti hiki kinapita kwenye mlango wa lifti au kinakwaruza. Walimjibu kwa lafudhi zao zote. Hakuna aliyelazimika kurudia.

Fundi alifika mchana uleule. Kazi ilikuwa ndogo kiasi kwamba chai ya pili haikuisha. Lifti ikanguruma, ikapanda, mlango ukafunguka pale ghorofa ya nne, na jengo zima likapiga vigelegele, Piotr akiwa na sauti kubwa kuliko wote. Mzee akaingia na kiti chake. Meneja akaingia akasimama kando yake. Wakashuka pamoja mpaka nje ya lango, Mzee akampa mkono, akamwambia, "Karibu tena."

Mzee mwenyewe hakupanda. Alibaki pale langoni kwenye baridi, akasalimiana na kila mpita njia, mpaka mkewe alipomfuata na blanketi.

Siku ya harusi Mzee na mkewe walishuka kwa lifti wamependeza. Bwana Pritchard alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, uso umemwiva kwa haya. Inaonekana alikuwa amejifundisha kitu peke yake, na sasa anatafuta ujasiri wa kukitoa.

"Hoo-nge-raa, Baa-ba Wa-kee-sho," akasema kwa Kiswahili, kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni.

Mzee Mwakio akamtazama mkewe. Mama Wakesho akaweka sawa kilemba chake, akamjibu meneja kwa Kiingereza chake cha Wundanyi, ambacho hajakibadilisha mpaka leo.

"Lafudhi yako nzito, Bwana Pritchard. Lakini tumekuelewa."

Kisha wakatoka langoni kwenda kumwoza binti yao, Mzee ameketi kwenye kiti chake, kama mtu.

Funzo: Anayetaka kukuelewa hazuiwi na lafudhi yako, na asiyetaka hatakuelewa hata ukibana midomo mpaka ipasuke. Usiukunje ulimi wako kwa ajili ya mtu aliyeziba masikio yake mwenyewe. Sema ulivyo, na umwache yeye ajifunze kusikia.