Neno la Zamda Mlangoni

Ukimpenda mgonjwa, mpungie mlangoni. Mmeambiwa hivyo leo mlipokwenda kumtazama mtoto mwenye surua, mkarudi mmenuna. Msinune. Neno hilo lilizaliwa kwetu, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Bibi Mashavu, aliyemlea mama yangu, nyumba yake haikukosa watu. Nani kaposwa, nani kaachwa, yote yalianzia barazani kwake. Basi binti yake, Saada, akashikwa na ndui. Enzi hizo chanjo ilikuwa haijafika mtaani kwetu. Akaja jirani, Bi Kirembe, uso umejaa makovu ya ndui ya utotoni. Akasema, "Mimi ndui ilishanila, hainirudii. Niachieni nimuuguze. Asiye na makovu asiingie."

Mashavu akaona katukanwa. Kwetu mgonjwa hutazamwa: unaingia, unaketi kitandani, unamshika paji la uso, unamlisha uji. Asiyetazamwa ni mtu asiye na watu.

"Mwanangu augue peke yake kama mchawi?" akauliza. Akauacha mlango wazi, na mtaa mzima ukaingia.

Mdogo wake, Zamda, ndiye pekee aliyesimama kizingitini.

"Pita ndani. Au Saada ananuka?" Mashavu akamwambia.

"Hanuki, dada. Nina mtoto mdogo nyumbani. Nimempungia Saada, kaniona."

"Umempungia? Kwani anasafiri?"

Wanawake waliojaa chumbani wakacheka.

"Ukimpenda mgonjwa, mpungie mlangoni," Zamda akasema polepole.

"Basi hata nikifa usije. Nipungie hukohuko kwako."

Neno kama hilo dada hamwambii mdogo wake mbele za watu. Zamda akavua viatu, akaingia, akaketi kitandani, akamlisha Saada uji mpaka bakuli likaisha.

Mtaa ukapata utani mpya. Mtu akikataa kukaribia sinia, aliambiwa, "Mwacheni, kaupungia wali." Walicheka hivyo karibu wiki mbili.

Saada akapona. Zamda akapandwa na homa. Siku ileile Bi Kirembe akamchukua yule mtoto wa Zamda, msichana wa miaka mitatu, akampeleka kwa shangazi yake mbali na mtaa, kisha akarudi kumuuguza mama mtu. Hakufaulu. Tukamzika Zamda, yaani wazee wetu walimzika, na baada yake wakawazika watatu katika wale waliocheka chumbani. Kwenye wali wa matanga hakuna aliyethubutu kurudia ule utani.

Mtoto yule ndiye mama yangu. Mashavu alimlea, hakumpiga hata siku moja. Alipopata akili akawa anauliza, kama watoto waulizavyo, "Mama alisema nini mara ya mwisho alipokuja hapa?"

Mashavu, mwanamke asiyewahi kukosa la kusema, alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa akitazama chini:

"Alisema, ukimpenda mgonjwa, mpungie mlangoni."