Paka Shume na Aksoloti wa Tangi la Kioo

Paukwa!
Pakawa!
Kioo kipo?
Kipo, kimejaa maji!
Majini mna nani?
Ana jina lake, litaje!

Basi jina lake Aksoloti. Si samaki, ingawa huishi majini. Si mjusi, ingawa ana miguu minne na mkia. Ni aksoloti, mnyama wa nchi za mbali, na matamvua yake ya kuvutia pumzi yamechomoza nje ya shingo kama manyoya. Alikaa katika tangi la kioo nyumbani kwa Bi Mwanakheri, kule Korogwe.

Siku moja Bi Mwanakheri alikwenda Lushoto kumwuguza dada yake, akasahau kufunga pazia. Jua likaingia dirishani, likalipiga tangi. Maji yakawa vuguvugu, na aksoloti hufa kwa joto. Matamvua yakasinyaa. Tena chini palikuwa na changarawe; kila alipodaka chakula alimeza na kijiwe, tumbo likamkaza. Aksoloti akajua: nikikaa hivi, keshokutwa sifiki.

Mara, tapu! Paka Shume akarukia mezani. Shingo nene, sikio moja limechanika, mlafi asiyeshiba.

"Leo nakula!" akanguruma.

"Karibu, Mjomba," akajibu Aksoloti. "Lakini utakula nini? Mimi ni kiluwiluwi tu. Nikikua nitakuwa chura mkubwa wa kwetu, mapaja minofu mitupu."

"Mapaja?" Paka akajilamba, lamba-lamba.

"Minofu mitupu. Ila nikipigwa na jua, sikui."

Paka Shume akakumbuka maneno ya mama yake: mvumilivu hula mbivu. Akalivuta pazia kwa kucha, shwaa! Kivuli kikaingia.

Kesho yake akarudi. "Umekua?"

"Bado kidogo, Mjomba. Changarawe zaniumiza tumbo."

Paka huchukia maji kuliko anavyomchukia mbwa. Lakini minofu! Akatia mkono mpaka kwapani, chaka-chaka, akazitoa zote. Akatandaza mchanga laini, akainamisha kigae cha chungu kiwe pango.

"Umekua?"

"Bado kidogo, Mjomba. Maji yamechafuka."

"Nikuletee ya bomba?"

"Hayo yana dawa, yataniunguza ngozi! Chota ya mtungini, yamelala, yamepoa. Wala usimwage ya zamani yote. Badilisha kidogo kidogo."

Paka akashika kata. Chubwi! Chubwi!

"Umekua?"

"Bado kidogo, Mjomba. Nina njaa."

Paka akafukua migombani, akaleta nyungunyungu wanono. Fyopu! Aksoloti akameza. Matamvua yakachanua, yakawa mekundu, yakapepea.

Lakini asubuhi moja Paka Shume alikuja amenuna. "Wewe! Viluwiluwi wa dimbwini walizaliwa juzi, leo wote vyura, wanaruka. Wewe mbona hukui? Wanichezea?" Akatoa kucha, akazitumbukiza majini.

Aksoloti hakukimbia.

"Mjomba, mchicha na mnazi hukua pamoja?"

"La. Mchicha hutangulia."

"Nawe wataka mchicha, au wataka nazi?"

Paka akafikiri. Akafikiri tena. Kucha zikarudi ndani. "Nataka nazi," akasema, akaenda zake migombani kufukua.

Bi Mwanakheri aliporudi alikuta pazia limefungwa, maji maangavu, Aksoloti mnene, na Paka Shume amekaa kando ya tangi, matope mpaka magotini, akiwafokea paka wengine wasisogee.

"Kumbe una huruma, baba wewe!" akasema.

Sasa nawaambia jambo ambalo Paka haambiwi. Aksoloti hawi chura. Bibi yake alikufa mkongwe, na matamvua yake shingoni.

Paka Shume ameota mvi masharubuni, na angali anauliza: "Umekua?"

"Bado kidogo, Mjomba."

Hadithi nimeifunika kwa kigae. Atakayeifunua anawe mikono kwanza. Na funzo lake ni hili: mvumilivu hula mbivu. Anayebisha akamwulize Paka Shume. Ila aende na nyungunyungu, mwenzenu ana kazi.